Mzazi Anapomwomba Mtoto Msamaha

Bwana Yesu asifiwe. Wazazi wenzangu, nawashukuru kwa kunialika tena katika usharika huu. Neno letu la leo ni Waefeso 6:4: "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana."

Mistari mitatu inayotangulia, inayowaagiza watoto kuwatii na kuwaheshimu wazazi, tunawakaririsha watoto tangu Shule ya Jumapili. Huu wa nne, unaotuhusu sisi, tunaupita haraka. Wasomaji wake wa kwanza waliishi chini ya dola ya Rumi, ambayo sheria zake zilimpa baba mamlaka makubwa mno juu ya wanawe, hata walipokuwa watu wazima. Kumwambia baba wa namna hiyo kwamba naye anaweza kumkosea mtoto halikuwa jambo dogo. Tena Kiswahili chetu kimelitia neno hili uzito wake, kwa maana mchokozi ndiye aanzishaye ugomvi.

Nami niliwahi kuwa mchokozi. Jioni moja fedha nilizotenga kwa ajili ya sadaka hazikuonekana mezani, nami mbele ya wageni nikamwita mwanangu wa miaka 10 mwizi. Wageni walipokwisha kuondoka, mama yake akanieleza kwamba alikuwa ameziweka kabatini. Usiku ule tulisali Sala ya Bwana kama kawaida, na tulipofika mahali pa kuomba tusamehewe makosa yetu kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea, sauti ya mtoto ikakatika. Nilisikia, nikanyamaza, nikaenda kulala. Najuta mpaka leo kwamba nilimwachia alale na uchungu ule.

Asubuhi nilimketisha, nikamwambia, "Mwanangu, nilikuita mwizi, nawe hukuiba. Nimekukosea, naomba unisamehe." Alinitazama kwa muda, kisha akauliza kama wale wageni nao wameambiwa. Hilo sikuwa nimelifikiria. Niliwapigia simu, mmoja baada ya mwingine, naye ameketi kando yangu akisikia.

Kutokana na swali lake nawasihi, ikiwa umemwaibisha mtoto mbele za watu, msamaha usiishie chumbani. Litaje kosa lako kwa jina lake, wala usiongeze "lakini na wewe", kwa kuwa maneno hayo matatu huugeuza msamaha kuwa mashtaka mapya.

Wapo wanaohofu kwamba mzazi akijishusha hivyo, mtoto atampanda kichwani. Naielewa hofu hiyo, maana Biblia haimsifu mzazi aliyelegea: kuhani Eli alihukumiwa kwa sababu alijua uovu wa wanawe wala hakuwazuia. Lakini kumzuia mtoto atendapo mabaya ni jambo moja, na kumwadhibu kwa kosa ambalo hakulitenda ni jambo jingine kabisa. Mwanangu hakuacha kunitii. Miezi kadhaa baadaye alivunja kioo cha jirani, akaja mwenyewe kunieleza kabla jirani hajafika, nami nikampa adhabu yake ya kunisaidia kazi kila Jumamosi mpaka fedha za kioo kipya zilipotimia.

Kwa mtoto mdogo wa miaka 3 au 4 maneno marefu hayahitajiki. Chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, mwambie kwamba baba amekosea, kisha umshike mkono mwende mkale.