Hotpoti Zimerudi Vipara

ZUBEDA: Haya, karibuni tena barazani. Mimi Zubeda, huyu mwenzangu Juma, na kuku wake leo wamefungiwa nyuma, kwa hiyo msituandikie tena kuulizia ile sauti.

JUMA: Jogoo simdhamini. Wengine sawa.

ZUBEDA: Leo nimekuja na karatasi. Mambo matano ya kufanya unapoachana na yaya. Wiki hii anti wetu ameondoka, mimi nimebaki nakagua vyombo.

JUMA: Ameondoka au umemwondoa?

ZUBEDA: Tumeachana vizuri! Mtoto ameanza nasari, nami siku hizi narudi mapema, kazi ya kutwa hakuna tena. Amekaa kwangu zaidi ya mwaka, nikampa notisi ya mwezi mzima kama sheria ya hapa Uganda inavyotaka. Ijumaa akaja kuaga. Akanikabidhi ufunguo wa geti, ile simu ndogo ya kunipigia mtoto akiugua, na hotpoti zangu tatu. Sasa hizo hotpoti…

JUMA: Zina nini?

ZUBEDA: Hazina mifuniko.

JUMA: Zote tatu?

ZUBEDA: Zote! Wasikilizaji wa zamani mnajua anti hakuwa analala kwangu. Jioni anarudi kwake Kireka, na chakula kikibaki nampakulia apelekee wanawe. Ndiyo safari za hizo hotpoti. Zimerudi zimesuguliwa mpaka yale maua mekundu ya ubavuni yamefifia, pale juu wazi.

JUMA: Vipara.

ZUBEDA: Usicheke.

JUMA: Sicheki. Natoa pole kwa vipara.

ZUBEDA: Nikamuuliza, "Anti, mifuniko iko wapi?" Akasema, "Ipo, mama." Ipo wapi? "Ipo nyumbani." Basi. Akaondoka.

JUMA: Lakini dada, nchi hii mfuniko wa nini? Matoke unayapika vipi? Unatandika majani ya ndizi, unayafunga matoke humo, unafunika kwa majani mengine, unakandamiza kingo kwa mikono mpaka mvuke ukose pa kutokea. Bibi yangu sufuria yake haikuwahi kuwa na mfuniko na hatukuwahi kula kibichi.

ZUBEDA: Kwa hiyo hotpoti nizifunge majani ya ndizi niende nazo kwenye kisomo?

JUMA: Watakusifia.

ZUBEDA: Juma, karatasi yangu. Jambo la kwanza, siku yaya anaanza kazi, andikeni orodha ya vitu…

JUMA: Subiri, mifuniko haijaisha. Unajua mimi nimekulia kwota za Nakawa, Kampala. Pale mfuniko haukuwa na mwenyewe. Mama akimpelekea jirani mchuzi, sufuria inarudi kesho, mfuniko unarudi mwezi ujao, tena siyo ule. Kulikuwa na mmoja wa bati, kishikio kimeng'oka wakaweka waya wa umeme uliosokotwa. Ule umezunguka kila mlango. Wanafunika nao mtungi, wanapepetea mchele, watoto wanaufanya usukani. Tingatinga zilipokuja kubomoa 2011, watu wanatoa vitanda, mama amesimama na ule mfuniko mkononi anauliza, "Huu wa nani?" Hakuna aliyejibu.

ZUBEDA: Sasa hivi uko wapi?

JUMA: Kwangu. Naufunikia chakula cha kuku.

ZUBEDA: Banange! Kwa hiyo wewe ndiye umekaa na mfuniko wa watu!

JUMA: Aje mwenyewe na ushahidi.

ZUBEDA: Basi mimi ushahidi ninao. Na ndiyo maana laki moja ya mshahara wake wa mwisho nimeishikilia. Mifuniko ije, pesa iende.

JUMA: …Umeshikilia mshahara wake?

ZUBEDA: Sehemu tu.

JUMA: Hapo sicheki tena. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mtu kazi ikiisha alipwe haki yake ndani ya siku 7. Haikuandika "baada ya mifuniko".

ZUBEDA: Sheria! Nchi hii kima cha chini cha mshahara ni shilingi 6,000 kwa mwezi tangu 1984, nani anaifuata? Namlipa laki mbili na nusu. Sheria ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ilipobadilika 2022, ikasema hata mwenye mfanyakazi mmoja amsajili, nilimsajili siku yake ya kwanza. Asilimia 5 yake, 10 yangu, kila mwezi. Nionyeshe jirani mwingine anayemwekea yaya NSSF. Leo nimekuwa mkandamizaji kwa ajili ya kuulizia vyombo vyangu?

JUMA: Hayo yote umefanya vizuri, na hakuna hata moja linalokupa ruhusa ya kukaa na jasho lake. Mshahara ameshaufanyia kazi. Mifuniko ni kesi nyingine. Ukitaka, mdai kando.

ZUBEDA: Nimdai wapi? Kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji?

JUMA: Ukipeleka kesi ya mifuniko, muhuri wake tu utakugharimu kuliko mifuniko yenyewe. Nenda soko la Owino na hiyo laki, utapata hotpoti mpya tatu, zina vichwa, na nauli ya kurudi.

ZUBEDA: Siyo bei! Ni kwamba akiondoka na kitu changu na pesa yake yote, simu yangu hapokei tena. Kila mama anayetusikiliza analijua hilo.

JUMA: Mama yangu alifanya kazi ya nyumbani Kololo, kwa matajiri. Siku ya kuondoka walimmwagia begi getini. Kanga zake, nguo zake za ndani, askari anatazama. Hawakukuta kitu. Na mshahara wakamwambia aje wiki ijayo. Alikwenda, akaambiwa wenye nyumba wamesafiri.

ZUBEDA: Pole. Lakini mimi sikumpekua. Nikipekua begi, mbaya. Nisipopekua nikashika dhamana kidogo, mbaya. Mwenye nyumba afanye nini, afumbe macho?

JUMA: Alipe.

ZUBEDA: Halafu?

JUMA: Halafu aombe vitu vyake kama watu wanavyoomba. Na kuna jambo umelisahau. Chombo kilicholetwa na chakula, kwetu hakirudi kitupu. Mwaka mzima umempa chakula ndani ya hotpoti. Anatakiwa arudishe na kitu ndani, hata karanga. Sasa pesa yake umekalia wewe. Karanga atanunua na nini?

ZUBEDA: Hotpoti zenyewe zimerudi tupu!

JUMA: Kwa aibu! Mifuniko ameibakiza ili apate sababu ya kurudi na karanga.

ZUBEDA: Mfuniko unatiwa karanga?

JUMA: Ukiugeuza.

ZUBEDA: (anacheka) Toka hapa. Hata hivyo msimamo wangu ni uleule. Laki moja iko kwenye bahasha kabatini, siitumii. Siku mifuniko inapoingia, bahasha inatoka.

JUMA: Na mimi nasema itoke leo. Siku 7 zinahesabika, na afisa kazi wa wilaya hapokei malalamiko ya mabosi pekee.

ZUBEDA: Utampeleka wewe?

JUMA: Akiniuliza njia, nitamwonyesha.

ZUBEDA: Umesikia jamani? Mwenzangu wa kipindi!

JUMA: Rafiki yako niko palepale. Ila kwa hili, hapana.

ZUBEDA: Haya, mimi pia hapana. Tuendelee. Jambo la kwanza, orodha. Vitu alivyopewa na vitu alivyoazimwa viandikwe mbali mbali, kwa sababu simu na chakula watu huchanganya. La pili…

JUMA: Kompyuta imebaki asilimia 4.

ZUBEDA: Si ulisema umechaji?

JUMA: Umeme umekatika tangu saa tatu, nilikuwa sitaki kukukata ukiwa kwenye vipara.

ZUBEDA: La pili, akiomba barua ya kuthibitisha amefanya kazi, mwandikie, ni haki yake hata kama… la tatu bado, la nne ndilo lilikuwa zuri zaidi, lile la ufunguo…

JUMA: Litakuja kipindi kijacho.

ZUBEDA: Ulisema hivyo hivyo kuhusu hati za kibanja, watu wanasubiri mpaka leo.

JUMA: Asilimia 2. Aga.

ZUBEDA: Kwaherini. Na anti, kama unatusikiliza, leta…

JUMA: Zubeda!

ZUBEDA: …salamu kwa watoto. Nimesema salamu. Zima.