Kuwapandisha Wanafunzi Ol Doinyo Lengai Bila Basi

Karibuni, wahadhiri wenzangu wa jiolojia. Leo tunaandaa fildi ya mtandaoni ya Ol Doinyo Lengai, ile volkano iliyo kusini mwa Ziwa Natron. Unahitaji kompyuta yenye Google Earth Pro, ambayo ni ya bure, na karatasi za kuchorea. Karatasi msizisahau.

Andika jina la mlima kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukishafika, usiseme neno. Inamisha picha mpaka mlima uonekane kwa ubavu, kisha uliza: ule weupe kule juu ni nini? Darasani kwangu hakosekani wa kujibu "theluji", kwa kuwa kichwani ana Kilimanjaro. Usimkatize. Mwambie asogeze kishale hadi kileleni asome mwinuko: karibu mita 2,900. Theluji ya kudumu, kwa mwinuko huo, karibu hivi na ikweta? Wakianza kubishana, waache kwanza.

Halafu ndipo uwaambie. Lava ya Lengai ni natrokarbonatiti: silika karibu hamna, imejaa sodiamu na kaboneti. Hutoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la basalti, ile lava ya kawaida, nyeusi na nyepesi kama oili chafu ya gari. Ikipata unyevu wa hewa hubadilika kuwa nyeupe, wakati mwingine ndani ya siku chache tu.

Sasa ingia kwenye mipangilio uhakikishe ukuzaji wa mwinuko ni 1. Ukiwa 3, miteremko yote ni ya uongo. Kabla hujagusa rula, kila mwanafunzi achore kwa mkono umbo la ardhi kutoka ziwani hadi kileleni. Wengi watachora paa la nyumba. Kisha pima mstari huohuo kwa rula, uuhifadhi, uubonyeze kitufe cha kulia na uchague wasifu wa mwinuko. Utaona mguu mpana, halafu ukali unaozidi kadiri unavyopanda. Waweke michoro miwili bega kwa bega.

Bonyeza alama ya saa, urudi nyuma miaka. Kabla ya 2007 kasoko (mdomo wa volkano) ya kaskazini ilikuwa imejaa lava hadi ikamwagika nje. Mlipuko ulioanza Septemba 2007 uliacha shimo refu ndani ya koni ya majivu. Picha za zamani hazina ubora, kwa hiyo weka pembeni picha iliyopigwa ukingoni, kwa ruhusa ya mwenyewe. Hapa, kusema kweli, kompyuta inaishinda fildi: ukisimama kileleni unaona siku moja tu.

Weka pini nne: kilele, kasoko, ukuta wa Bonde la Ufa upande wa magharibi, na magadi ya Natron. Kila pini iwe na swali moja, maelezo hapana. Hifadhi pini hizo kama faili la KMZ, aina ya faili inayofunguka kwenye Google Earth, na uwatumie. Ni dogo, ila picha zenyewe zinakula bando, basi rekodi pia skrini kwa dakika tatu kwa ajili ya walioko hosteli.

Siku ya kipindi pitisha mawe halisi mkononi, pamoja na lenzi. Kipande cha Lengai kikae kwenye chupa iliyofungwa kabisa. Changu nilikiacha wazi kwenye droo masika moja, nikakuta unga mweupe.