Shika Mfupa Kwanza, Jina Baadaye

Habari za jioni. Naona wengine mmekuja na orodha ya mifupa 206 ya mwili wa mtu mzima. Ikunjeni kwanza. Aliyekariri orodha, ukimpa mfupa mkononi huishia kukodoa macho.

Wekeni kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo, kisha kitelezesheni kuelekea begani. Huo mfupa uliopinda kama herufi S ndio mtulinga. Sasa inameni mpapase muundi, mbele ya mguu chini ya goti. Hapo juu yake pana ngozi tu, na aliyewahi kujigonga kwenye kitanda gizani hana haja ya kufundishwa uko wapi. Ufuateni hadi chini. Kinundu cha ndani cha kifundo cha mguu ni ncha ya muundi huohuo. Na cha nje? Wengi hudhani ni cha mfupa uleule. Sicho. Hicho ni cha jirani yake mwembamba, fibula, na mkipima kwa vidole mtaona kimeshuka zaidi kuliko cha ndani.

Kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, mambo ni matamu zaidi: kuna mifupa miwili. Ulna iko upande wa kidole cha mwisho, radiasi upande wa dole gumba. Bandikeni kiwiko mezani, kiganja kikitazama juu. Haya, kigeuzeni kitazame chini. Kiwiko kimetulia palepale, sivyo? Ulna ndiyo iliyokishikilia. Radiasi imezunguka ikapita juu yake, mifupa ikapishana kama herufi X. Rudieni. Mimi mwenyewe sichoki kuufanya mchezo huu.

Fuvu tuliache leo. Lina mifupa 22 na linataka siku yake. Ila wanaoiogopa 206 wasikie hesabu hii: kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na kila mguu, kuanzia kifundo, una 26. Jumla 106, zaidi ya nusu ya mwili mzima! Na wa kulia ni kama kivuli cha wa kushoto kwenye kioo.

Napitisha fupaja hili la plastiki, yaani mfupa wa paja. Kichwa chake cha mviringo huelekea ndani, kwenye nyonga. Vile vinundu viwili vya chini hujitokeza kwa nyuma. Jina msinitajie. Niambieni tu: ni la kulia au la kushoto?