Anza na udongo: kupaka rangi visanamu vya mchezo wa vita

Haya watu wangu, mnaniskia huko nyuma? Poa. Najua wengi mmekuja mkidhani nitaanza na brashi, lakini leo naanza huku chini, kwenye besi, kile kibao kidogo kisanamu kinasimama juu yake, maana hapo ndipo majeshi yetu mengi hapa Nairobi yanaharibikia. Mtu anapaka askari vizuri kabisa, sura iko, vifungo viko, bunduki inang'aa, halafu anamsimamisha kwenye nyasi ya kijani kibichi. Na simlaumu, maelekezo mengi ya hii hobi yanatoka Uingereza, Games Workshop wenyewe, wale wanaotengeneza Warhammer, wako Nottingham, na miaka ya 1990 ilikuwa karibu sheria ukingo wa besi upakwe kijani. Sawa, kwao nyasi iko hivyo. Sasa wewe unapaka askari wa Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki kwenye Vita Vikuu vya Kwanza, pale Salaita, karibu na Taveta, Februari 1916, ni kiangazi, ni miiba na vumbi tu, hiyo kijani imetoka wapi?

Kabla hujafungua kopo lolote la rangi, jiulize huyu jamaa anasimama wapi. Ukishajua udongo wake, mambo mengi yanajipanga yenyewe: rangi ya viatu, pindo la suruali, hata kaki utakayochagua, maana kaki ileile juu ya udongo mwekundu inaonekana kama imeingia kijani kidogo, na juu ya black cotton, ule udongo mweusi, inaonekana imefifia. Ukichagua kaki kwanza na besi mwisho unashangaa mbona jeshi limebadilika na hujaligusa.

Na sisi tuko na bahati, udongo wote tuko nao. Ukienda upande wa Kabete ama Karen ni mwekundu, ule wa chuma chuma, ukishuka Embakasi kuelekea Athi River ni mweusi. Chota kidogo tu, kikombe kimoja kitakutosha jeshi zima na la rafiki yako. Ukaange kwenye sufuria kuukuu, na nimesema kuukuu, usiguse ya mamako, moto uue wadudu na mayai yao, halafu upitishe kwenye kichungi cha chai. Usiruke hapo kwa kichungi. Kisanamu cha milimita 28 ni kama mtu amepunguzwa mara 60, kwa hivyo chembe ya milimita moja, ambayo kwako ni mchanga tu, kwake ni jiwe la sentimita 6. Usipochunga askari wako anatembea juu ya kokoto, eti uwanda!

Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye besi, chovya kwenye udongo, kung'uta, acha usiku mzima. Kesho yake tia gundi nyingine iliyochanganywa na maji ili ushike kabisa. Utaona umekuwa mweusi kuliko ulivyouchota, na hautarudi, ni gundi imeunywesha. Ndio maana hata udongo halisi lazima upakwe rangi. Anza na hudhurungi nzito, ikikauka chukua nyekundu ya matofali kwa brashi kavu, yaani unaifuta kwenye tishu mpaka unaona kama haina rangi tena, ndio unapitisha juu juu ishike kwenye vinundu peke yake, halafu mwisho kabisa rangi ya chungwa iliyopauka, kidogo sana. Hiyo ya mwisho usiimalizie kwenye besi, ipandishe kwa viatu na pindo la suruali. Vumbi la Tsavo linageuza ndovu wekundu, litaacha buti?

Nyasi kavu usinunue. Kamba ya katani, fumua nyuzi, kata vipande vifupi, panda kwa gundi vishungi vichache vichache, rangi yake tayari ni nyasi ya kiangazi. Na kama vita yako iko msituni, majani ya chai yaliyokwisha tumika, yaanike yakauke kabisa kabisa, yamwage chini ya miti. Yakiwa na unyevu yataota ukungu, na huo si ukungu wa milimani.

Kuandaa nitapita haraka. Kisanamu cha resini, ile plastiki ngumu ya kumiminwa, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ina mafuta ya kiwandani, usipoitoa rangi inaambuka. Ukisugua resini vaa maski na usugue ikiwa imelowa, lile vumbi si la kuvuta. Kwenye plastiki na chuma tafuta ule mstari mwembamba ambapo nusu mbili za moldi zilikutana, unapenda kujificha juu ya kofia na ubavuni mwa mguu, ukwangue kwa mgongo wa kisu, si kwa makali. Ukiuacha, praima, ile rangi ya msingi inayotangulia zingine, ndio itautangaza.

Spreyi ya praima: simama sentimita 20 hadi 30 kutoka kwa kisanamu, mikono iwe inatembea, na tafadhali isiwe asubuhi ya Julai yenye manyunyu ama Aprili mvua ikinyesha, unyevu unafanya uso uwe na chenga. Na kama unaishi ploti angalia kwanza kamba ya nguo ya jirani. Mimi naamini ugomvi mwingi wa hii hobi hauko mezani.

Sasa ngozi, hapa nataka mnisikilize. Maelekezo mengi ni ya ngozi ya mzungu: weka rangi, tia kivuli, halafu ongeza nyeupe kung'arisha. Ukimfanyia hivyo askari wetu anatoka amepauka, kama miguu ya mtoto aliyesahau mafuta. Acha nyeupe. Anza na kahawia nzito, kivuli kiwe kahawia yenye wekundu na si nyeusi tupu, halafu paji la uso, pua, mashavu na vifundo vya vidole upandishe kwa kahawia iliyoongezwa chungwa ama rangi ya haradali. Na usiwapake wote rangi moja, angalia tu mliokaa kwenye hii safu ya mbele. Rangi iwe nyepesi, ipake kwanza kwenye kucha, ukiona kucha bado inaonekana chini yake basi iko sawa, utapaka mara mbili. Januari na Februari hapa inakauka haraka mno, kwa hivyo weka sponji lenye maji kwenye kifuniko cha kontena, juu yake karatasi ya kuokea keki, changanyia hapo.

Vanishi ni ileile sheria ya spreyi, siku kavu, la sivyo inaganda nyeupe.

Swali? Eeh, wewe wa kofia... Anauliza, yeye ni wa Warhammer 40,000, ule mchezo wa vita vya angani vya siku zijazo, ya Taveta yanamhusu nini. Bro, Mars ni nyekundu kwa sababu ya kutu ya chuma, kitu kilekile kilichoko Kabete. Acha katani na majani ya chai, udongo beba.