Saiti ikifungwa, ujuzi unaenda wapi?

Hili nimelisema mara nyingi mpaka naona kuna watu hapo mbele washaanza kucheka, wanajua nakuja na stori ya koni. Eeh, nakuja nayo, vumilieni.

Kuna kampuni moja ya ujenzi nilifanya nayo kazi, jina niachieni. Tulipata kipande chini ya mkandarasi wa nje, na wale jamaa zege halimwagwi bila kupimwa. Koni ya sentimita 30, unajaza kwa awamu tatu, kila awamu unashindilia na fimbo mara 25, unainua taratibu, unaangalia zege limeshuka kiasi gani, ujue kama maji yamezidi. Kijana wetu mmoja alianza kwa kuibeba tu ile koni, akaja akawa anapima mwenyewe, mwisho akawa anarudisha gari la zege getini na dereva abembeleze anavyotaka, linarudi. Mradi ukaisha, na mkataba wake siku hiyohiyo. Mwaka uliofuata tukapata tenda yetu wenyewe, koni ipo stoo ina kutu, anayeijua yuko kijiweni na bodaboda. Zege likamwagwa bila kupimwa, nguzo mbili tulizivunja kwa nyundo, jamani. Mbili!

Sasa bosi ataniambia, nikimsomesha si ataenda kwa jirani? Kwani sasa hivi yuko kwako? Si ulimwachia mwenyewe!

Halafu mnadhani ujuzi unakuja kwenye boksi pamoja na mashine. Watafiti wawili, Cohen na Levinthal, waliandika tangu 1990, kampuni inafyonza maarifa mapya kutokana na kile ambacho tayari inakijua. Lete mtaalamu kutoka popote, fundi asiyejua kusoma mchoro ataitikia tu "sawa injinia" na kesho anafanya yaleyale ya jana. Daraja la Kigamboni mita 680, limefunguliwa 2016. Lile la Kigongo–Busisi kule Mwanza kilomita 3, 2025. Waliofunga nondo kule, nani humu ana majina yao?

Hela ya kuwashika watu kati ya mradi na mradi hamna, najua. Sijasema wote, shika watano, wale wanaofundisha wenzao, na gharama yao iingize kwenye bei ya tenda kama unavyoingiza dizeli.

Nilikuwa na la mafomeni na la kuandika kumbukumbu za mradi, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, kifupi: semina ya siku moja hotelini, cheti na soda, hiyo msiihesabu.

Maswali. Wewe wa nyuma, ila usiniulize hela zitatoka wapi, nimeshajibu.