Mpe Kijana Kitabu, Maswali Yasubiri

(Mhadhara kwa wazazi na walimu wa Kiswahili, Tanga)

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya kuwapa vijana wetu, tangu wanapoingia kidato cha kwanza hadi wanapomaliza cha nne. Nitavitaja kwa majina. Kwanza niseme ninachokiamini baada ya miaka mingi darasani na kwenye maktaba ya shule: vijana hawa hawachukii kusoma. Wanachochoka nacho ni kuulizwa "taja dhamira tatu, toa mifano" kabla hata hawajajua mhusika atafikwa na nini.

Tuchukue Watoto wa Mama Ntilie. Emmanuel Mbogo ametuandikia habari za Zita na Peter, ndugu wawili wa Dar es Salaam wanaofukuzwa shule kwa kukosa sare na ada, huku mama yao akihangaika na biashara ya chakula na baba akiishia kwenye ulevi. Ni hadithi ya kumkosesha usingizi mtoto wa miaka 15. Sasa mwulize mwanafunzi anayejiandaa na mtihani kitabu kile kinahusu nini. Atakwambia kwa pumzi moja: umaskini, ulevi, malezi, nafasi ya mwanamke. Mwulize Zita alikuwa mtoto wa namna gani, atanyamaza. Wengi hawajakifungua kabisa. Wamesoma chambuzi, zile kurasa chache zinazouzwa stesheneri, na siku hizi zinazunguka kwenye WhatsApp. Mimi siupingi mtihani, nami nafundisha uhakiki. Ninachoomba ni kwamba kijana awe na vitabu vingine ambavyo hakuna mtu atakayemwuliza swali juu yake.

Kwa wadogo, wa kidato cha kwanza na cha pili, mimi huanza na mtu wa hapa hapa kwetu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, na sisi watu wa Tanga tunajivunia hilo mpaka tunakosea: tunamkabidhi mtoto wa miaka 13 Kusadikika, hotuba juu ya hotuba, halafu tunashangaa anapokiweka chini. Anzeni na Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Kuna liwali mwema, msifika wa haki, na kila usiku huwachapa manyani wawili viboko, kisha huwalilia. Kwa nini? Mwambieni mtoto hayo tu, basi, mwachieni kitabu. Humo mna majini, mna jiji lililogeuka mawe, mna ndugu wenye husuda. Lugha ni ya zamani kidogo, lakini hamu ya kujua siri ya wale manyani itamvusha.

Wa umri huo huo wapeni Marimba ya Majaliwa ya marehemu Edwin Semzaba, safari ya watoto ndani ya nchi yetu wenyewe, yenye uchawi na vichekesho. Na Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya kile kitabu maarufu cha Mfaransa Saint-Exupéry, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Ni chembamba na kina picha. Mtoto anayeogopa kitabu kinene atakimaliza kwa siku moja, na kumaliza kitabu kizima kwa mara ya kwanza ni jambo kubwa kwa mtoto. Walimu mnalijua hilo.

Sasa nije kwenye kitabu ninachotaka kukizungumzia kwa kirefu. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Tulishangilia, tukatumiana picha yake, lakini watoto wetu wengi hawakuweza kumsoma kwa sababu anaandika kwa Kiingereza, tena Kiingereza kizito. Mwaka uliofuata ikatoka Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake ya mwaka 1994, kazi ya Dkt. Ida Hadjivayanis. Kwangu mimi hiki ndicho kitabu kipya muhimu kuliko vyote kwa vijana wa kidato cha tatu na cha nne, na nitawaambia sababu.

Yusuf ana miaka 12. Kwao ni mji mdogo wa bara uitwao Kawa, ambako reli imepita. Anasimama stesheni akiwatazama Wazungu wawili, watu ambao hajawahi kuwaona. Nyumbani kuna mgeni, mfanyabiashara tajiri anayeitwa Aziz, ambaye Yusuf amezoea kumwita ami yake, naye kila anapoondoka humpa sarafu. Safari hii mgeni anapoondoka, Yusuf anaambiwa afungashe na yeye. Anapanda treni hadi pwani akidhani anakwenda kutembea. Ni huko dukani, kwa kijana mwenzake Khalil, anakoambiwa kwamba yule si ami yake hata kidogo. Baba yake anadaiwa, na yeye ndiye rehani.

Niliwasomea wanafunzi wangu kwa sauti mpaka hapo, nikafunga kitabu. Darasa lilichachamaa. Wakataka kujua kama baba alijua. Alijua vipi, na akampa mkono wa kwaheri? Kuna binti mmoja, mkimya sana siku zote, aliyesema kwamba wako watoto wanaopelekwa mjini "kwa shangazi" hata leo, na wakifika wanakuta ni kazi za ndani. Sikuwa nimeuliza swali lolote. Hakuna chambuzi inayoweza kumfikisha mtoto hapo, kwa sababu alichokisema hakikutoka kwenye orodha ya dhamira, kilitoka kwenye maisha anayoyaona mtaani kwake.

Tena dunia ile ni yetu. Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893. Misafara ya bara, vipusa, maduka ya pwani, Wajerumani wanaosogea kidogo kidogo: watoto wetu wanayasoma hayo kwenye somo la historia kwa tarehe na sababu. Katika Peponi wanayaona kwa macho ya mvulana anayeogopa. Nawaonya wazazi: kitabu kina mambo ya watu wazima kati yake, kwa hiyo nisingempa mtoto wa kidato cha kwanza. Kisomeni nanyi. Mtakipenda.

Hapa niliseme la Rosa Mistika, maana najua mtaniuliza. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Inamhusu binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali na mlevi. Anapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, kisha anakwenda shuleni bila kujua lolote kuhusu wanaume. Wazee wangu, mimi nina mabinti. Nimekisoma kitabu hicho nikiwa kijana na nimekisoma tena nikiwa mzazi, na naona aliyekuwa na la kuogopa humo ni Zakaria, baba mtu. Kinatuhukumu sisi. Binti wa miaka 16 au 17 akisome, na mama yake akisome wiki hiyo hiyo, ili wawe na la kuzungumza jikoni.

Wavulana wasiopenda kusoma nina dawa yao ya zamani: mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alianza na Mzimu wa Watu wa Kale, ikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu na nyinginezo. Kifo cha utata, mpelelezi mwenye kiko cha tumbaku mdomoni, na Kiswahili kitamu ambacho hata mimi hukisoma huku nikiandika maneno pembeni. Wapo walimu wanaoona riwaya za upelelezi ni za kupotezea muda. Sikubaliani nao. Anayekesha na Bwana Msa leo ndiye atakayekuwa na pumzi ya kusoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed mwakani.

Siku Njema ya marehemu Ken Walibora lazima niitaje hapa, kwa kuwa Mkenya huyu aliianzisha hadithi yake Tanga, kwa mtoto wa mwimbaji wa taarabu anayekwenda hadi Kitale kumtafuta baba. Kwa mtoto anayelelewa na mzazi mmoja, haina mfano. Na wapenda mashairi wapeni Mwanangu Rudi Nyumbani ya Dotto Rangimoto, diwani iliyoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2017. Vijana wanaoghani Bongo Fleva kutwa wanaelewa vina upesi kuliko tunavyodhani.

Mmeona kwamba vingi nilivyovitaja ni vya zamani, au viliandikiwa watu wazima. Ndilo pengo letu, na linaniuma. Vitabu vya watoto wadogo vinatoka. Riwaya zilizoandikwa kwa ajili ya kijana wa miaka 14, zenye simu yake, bodaboda yake na mapenzi yake ya kwanza, ni chache mno kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2022 tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Nawaomba walimu mnaoandika kimyakimya, na najua mpo humu ndani, mwandikieni kijana huyo.

Bei ni kikwazo, silifichi. Kwetu tulifanya hivi: kila wazazi wachache walichanga wakanunua nakala moja, watoto wakaizungusha kwa zamu. Kitabu kisifungiwe kabatini eti kisichakae, kikichanika kibandikeni. Mwalimu asome kwa sauti dakika kumi kila Ijumaa, akatize penye utamu. Na nyumbani, mtoto akikiacha kitabu katikati, mwacheni achukue kingine.

Vyote nilivyovitaja viko pale mezani karibu na mlango. Karibuni mvishike, mfungue, na daftari la kuazimia liko pembeni.