Neno refu likate mara mbili

Haya jamani, tuanze. Ubaoni hapa nimeandika "unpredictable", herufi 13. Wengi wetu tukikutana na neno kama hili tunasoma mwanzo, tunachungulia mwisho, katikati tunabuni. Mi nasema likate, tena mara mbili, maana kuna mkato wa sikio na kuna mkato wa maana, na hiyo miwili haiangukii sehemu moja kila wakati.

Mkato wa sikio ndo silabi. Usihesabu herufi, sikiliza irabu zinazotamkwa, coz "strength" ina herufi 8 na ni silabi moja tu, wakati "idea" ina herufi 4 na ni silabi 3. Neno letu sasa, pigeni makofi: un-pre-dict-a-ble, 5, mkazo kwenye dict. Sisi tumezoea mkazo ukae silabi ya pili toka mwisho, Kiingereza hakiko hivyo. "Photograph" mkazo uko mwanzo, ongeza -er unahamia tog, weka -ic unahamia graph. Ndo maana mtu anajua neno kwa macho ila akilisikia halitambui.

Mkato wa maana: un inakanusha, pre ni kabla, dict ni kusema, able ni kuwezekana. Kusema kabla, yaani kutabiri! Sasa niambieni, "haitabiriki" sisi tumeijengaje? Ha- inakanusha, -tabir- ndo mzizi, -ik- ni kuwezekana. Kazi ile ile kabisa, tunaifanya kila siku bila kufundishwa. Na angalieni hiyo "ki" ya mwisho: kwa sikio ni silabi moja, kwa maana k ni ya -ik- na i ni ya ukanushi. Hata kwetu mikato inapishana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni "helicopter". Kila mtu anakata heli na copter, kumbe asili yake ya Kigiriki ni helico, kitu cha kuzunguka kama parafujo, na pter, bawa. Pter hiyo hiyo ndo imeanza "pterodactyl", ila pale p haitamkwi.

Lakini msikate kila un mnayoiona, "uncle" haina kiambishi chochote. Haya shikeni kalamu, "misunderstanding", sikio kwanza halafu maana, na hiyo un iliyojificha ndani muitazame vizuri kabla hamjaiita kiambishi.